Swali Linalotangulia Zawadi

Yupo mtu anayemtengenezea jirani yake kitu kwa moyo mweupe na kwa gharama kubwa, lakini kitu kile kikamwongezea jirani taabu. Je, mtu huyo amempenda jirani yake? Wengi wetu tungejibu haraka kwamba amempenda, kwa sababu Mungu hutazama moyo. Ndugu msomaji, nakuomba tusilikimbilie jibu hilo. Tuvitazame kwanza baadhi ya vitu ambavyo binadamu wamewatengenezea binadamu wenzao, halafu tuulize kama upendo unaweza kukamilika pasipo kumfahamu anayependwa.

Tuanze na maji. Nchini Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, ilianza kuenea pampu ya aina yake iliyoitwa PlayPump. Ilikuwa bembea ya kuzunguka, kama zile za viwanja vya watoto, iliyofungwa juu ya kisima kirefu. Watoto wanapocheza na kuizungusha, maji yanavutwa kutoka chini na kupanda kwenye tangi lililoinuliwa juu, na akina mama wanakinga bombani. Kwenye tangi kulikuwa na mabango ya matangazo, na fedha za matangazo zilikusudiwa kulipia matengenezo. Wazo hili lilipendeza mno. Mwaka 2000 lilipata tuzo ya Benki ya Dunia, na mwaka 2006 serikali ya Marekani pamoja na wafadhili wengine waliahidi dola milioni 16.4 ili pampu hizo zienee katika nchi mbalimbali za Afrika. Lengo lilikuwa pampu 4,000 ifikapo mwaka 2010.

Nani asingependa? Watoto wanacheza, maji yanatoka, mama anapumzika. Lakini watoto huchoka na kwenda zao. Wako shuleni, au wako shambani, au mvua inanyesha, au jua ni kali. Maji ya uji wa alfajiri yanahitajika kabla mtoto yeyote hajatoka kwenda kucheza. Basi waliofuatilia mradi huo katika vijiji vya Msumbiji na nchi jirani walikuta wanawake watu wazima, wengine bibi zetu, wakiizungusha bembea kwa mikono huku wamejiinamia. Kazi ile ilikuwa nzito kuliko pampu ya mkono waliyokuwa nayo zamani, na wengine waliona ni aibu kuonekana wakiisukuma. Mahali pengi pampu ile ya zamani ilikuwa imeondolewa ili kupisha mpya. Mpya ilipoharibika, fundi wa kijiji hakuiweza na vipuri havikuwepo. Mwaka 2009 mwandishi mmoja wa gazeti la Guardian la Uingereza alipiga hesabu akaona kwamba, ili pampu moja iwatosheleze watu wote waliotajwa katika mpango, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kila siku. Muda mfupi baadaye kampeni ile kubwa ilisimama.

Sisemi kwamba waliobuni walikuwa watu wabaya. Walikuwa na huruma, walikuwa na akili, na walitoa mali. Kilichokosekana ni kitu kidogo kisichogharimu fedha nyingi: kuketi na mama mchota maji, tangu saa kumi na moja alfajiri hadi jioni, na kumuuliza. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa kata haikuulizwa.

Miongoni mwa wabunifu wa vifaa na mashine kuna njia ya kufanya kazi inayojaribu kuziba pengo hilo. Huiita ubunifu unaomweka mtu katikati. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa hata kiwango rasmi kinachoieleza kwa ajili ya mifumo ya kompyuta. Ukiiondolea lugha ya kitaalamu, njia yenyewe ni nyepesi kuielewa. Kwanza, mfahamu mtu atakayekitumia kitu na mazingira atakamokitumia. Pili, orodhesha yale anayoyahitaji yeye, wala si yale unayotamani wewe kumtengenezea. Tatu, tengeneza. Nne, mpe akijaribu, utazame anapokwama, kisha urudi nyuma urekebishe. Na urudi tena, mpaka kimfae.

Hapo Mkristo makini anaweza kushtuka. Mtu katikati? Je, si hicho ndicho kiburi cha Babeli, binadamu kujiweka mahali pa Mungu? Hofu hiyo ina msingi, na nitairudia baadaye. Lakini tuangalie kwanza ni mtu yupi anayewekwa katikati. Katika Babeli wajenzi walijiweka wenyewe, wakitaka kujipatia jina. Katika njia hii, ikifuatwa kwa uaminifu, mjenzi anajitoa katikati ili mwingine akae pale. Anayeondolewa kwenye kiti ni fundi mwenyewe, pamoja na werevu wake na sifa zake.

Tena tunaye Bwana aliyetenda hivyo. Katika Injili ya Marko sura ya 2, wanafunzi wanalaumiwa kwa kuvunja masuke siku ya Sabato, na Yesu anawakumbusha wakosoaji kwamba Mungu aliiweka siku ile imfae binadamu, hakumuumba binadamu aje aitumikie siku. Sabato ni kitu kitakatifu kuliko chombo chochote kinachotoka mikononi mwetu, na bado Bwana anaipima kwa kuuliza kama inampa uhai yule iliyewekewa. Ikiwa Sabato inapimwa hivyo, pampu ni nini? Mradi wa usharika ni nini?

Katika sura ya 10 ya Injili hiyohiyo yupo Bartimayo, kipofu anayeombaomba kando ya njia ya Yeriko. Anapaza sauti, watu wanamkemea, Yesu anasimama na kuagiza aitwe. Shida yake inaonekana na kila mtu. Hata hivyo Yesu hamponyi papo hapo bila neno. Anamuuliza kwanza anatamani atendewe jambo gani. Kwa nini aulize, yeye aijuaye mioyo? Naamini swali lile lenyewe lilikuwa sehemu ya uponyaji. Mtu ambaye kwa miaka mingi alirushiwa sarafu na kuamriwa anyamaze, sasa anasubiriwa aseme. Anatendewa kama mtu mwenye neno la kusema juu ya maisha yake mwenyewe. Ikiwa Mwana wa Mungu, ajuaye yote, aliuliza, sisi tusiojua tunapata wapi ujasiri wa kutouliza?

Nadhani ujasiri huo una chanzo, na historia ya maandishi ya vipofu inatusaidia kukiona. Zaidi ya miaka 200 iliyopita kulikuwa Paris na shule ya vijana wasioona. Waliowafundisha walikuwa watu wenye macho, na waliwatengenezea vitabu vyenye herufi za kawaida zilizochapwa zikatokeza juu ya karatasi, ili mwanafunzi azipapase kwa kidole. Vitabu vile vilikuwa vikubwa, vizito na vichache, na kusoma kwake kulikuwa kwa taabu. Kuandika kwa njia hiyo, kipofu hakuweza kabisa. Lakini vilikuwa na sifa moja: mwalimu mwenye macho aliweza kuvisoma bila kujifunza kitu kipya.

Katika shule hiyo alikuwemo kijana Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza macho yake utotoni baada ya kujichoma na chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, shule ililetewa mwandiko wa nukta uliobuniwa na Charles Barbier, mtu aliyewahi kuwa afisa wa jeshi. Kila alama ya Barbier ilikuwa na nafasi za nukta 12, ndefu kupita ncha ya kidole. Braille, aliyejua kwa kidole chake mwenyewe mahali tatizo lilipo, alipunguza nukta hadi sita ili alama nzima iguswe mara moja. Kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15, mwandiko wake ulikuwa umekamilika kwa sehemu kubwa. Vijana wenzake waliupenda kwa sababu sasa waliweza kusoma na pia kuandika. Wakubwa wengi hawakuupenda. Braille alifariki mwaka 1852, na Ufaransa ikaukubali rasmi mwandiko wake mwaka 1854, miaka miwili baada ya kumzika.

Kwa nini miaka 30 ipite? Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo yatugusa sote: mwandiko ule ulimfaa kipofu na kumsumbua mwenye macho. Mwalimu alipaswa sasa kuwa mwanafunzi. Hapa ndipo penye chanzo cha ule ujasiri wetu wa kutouliza. Mara nyingi hatuulizi kwa sababu jibu linaweza kutudai. Linaweza kutudai tubadili mpango ambao tayari tumeushangilia, au turudishe kitu tulichokwisha kununua, au tukubali kwamba maskini anajua jambo tusilolijua sisi. Ni rahisi kutoa mali kuliko kutoa nafasi ya juu. Mtu anaweza kutoa ng'ombe mzima na akabaki ndiye bwana mkubwa wa mahali pale, lakini akiuliza na kungoja jibu, ameshuka.

Kushuka huku kunazaa matunda. Katika mji wa Jaipur nchini India, mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari Pramod Karan Sethi aliwahudumia watu waliokatwa miguu. Miguu ya bandia iliyopatikana wakati ule ilifuata mfano wa nchi za Magharibi, na kwa maisha ya huko ilikuwa mizuri. Lakini Sethi aliona wagonjwa wake wakiiacha na kurudia magongo. Alipofuatilia, sababu zilikuwa wazi. Mguu ule ulihitaji kiatu, na mkulima wa India anatembea peku. Hauwezi kuingia kwenye tope la shamba la mpunga. Mwenye nao hawezi kuchuchumaa, wala kukaa chini kwa kukunja miguu, na kwa mtu wa kijijini mambo hayo ndiyo kula, kuswali, kujisaidia na kuzungumza na wenzake. Sethi alishirikiana na fundi stadi, Ram Chander Sharma, mtu mwenye elimu ndogo ya darasani lakini mwenye mikono ya ajabu, wakatengeneza mguu wa mpira ulioumbwa kama mguu wa mtu, unaopindika, unaoingia majini, unaovaliwa peku. Ukaitwa mguu wa Jaipur. Tangu mwaka 1975 shirika la hisani la mji huohuo limekuwa likiutoa bure kwa maskini, na umewafikia watu wengi hata nje ya India.

Tazama kilichotokea. Mguu wa kwanza ulimweka mguu katikati, na ulikuwa kazi nzuri ya uhandisi. Wa pili ulimweka katikati mtu anayetaka kuketi sakafuni na watoto wake wakati wa chakula. Tena daktari aliyesoma na fundi asiyesoma walihitajiana. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili wenye viungo vingi, alionya jicho lisiudharau mkono. Onyo hilo linahusu karakana sawa na linavyohusu kwaya.

Sasa nirudi kwenye ile hofu niliyoiahirisha. Kumfahamu mtu si lazima kuwe upendo. Nyoka wa Edeni aliifahamu vizuri njaa ya Hawa. Leo wapo wanaotengeneza michezo ya kamari ya simu na mashine za vibandani, nao wamewachunguza binadamu kwa bidii kuliko wachungaji wengi. Wanajua rangi ipi inavuta jicho. Wanajua kwamba kukosa kidogo tu kunamfanya mtu ajaribu tena. Wanajua ni vema kuweka pesa kuwe rahisi na kuzitoa kuwe na mlolongo. Kijana anayemaliza ujira wake wa siku kabla hajafika nyumbani amewekwa katikati kweli, lakini kama samaki alivyo katikati ya wavu.

Kwa hiyo kauli ya kumweka mtu katikati haitoshi peke yake. Ni lazima tuulize: mtu yupi, na kwa faida ya nani? Imani yetu inajibu kwamba mtu ni kiumbe aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Matakwa yake ya dakika hii si yeye wote. Ana mwili unaochoka, ana dhamiri, ana familia, ana kesho. Kitu kinachotii matamanio yake ya sasa na kuila kesho yake hakijamweka yeye katikati, kimeweka udhaifu wake. Kipimo kimoja chaweza kutusaidia. Je, mtengenezaji anaweza kumweleza mtumiaji, uso kwa uso, sababu ya kila sehemu ya kitu alichokitengeneza? Mafundi wa mguu wa Jaipur waliweza: tumeupindisha hapa ili uweze kuchuchumaa. Mwenye mashine ya kamari hawezi kusema: tumeweka taa hii ili usione muda unavyopita. Kama kitu kinahitaji kumficha jirani sababu zake, hakikutengenezwa kwa upendo. Mungu akiwa juu ya fundi na juu ya mtumiaji pia, mtu anaweza kuwekwa katikati kwa usalama. Mungu akiondolewa, aliye katikati huwa windo.

Kuna pingamizi jingine, nalo ni la haki: watu hawajui kila mara wanachohitaji, na wakiulizwa wanaosikika ni wenye sauti kubwa. Ni kweli. Ndiyo maana kuuliza hakuishii kwenye maneno. Mwaka 2005 nchini Kenya kampuni ya Safaricom pamoja na Vodafone walijaribu huduma ya kuwawezesha wakopaji wadogo kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Waliofuatilia jaribio waligundua kwamba watu walikuwa wanaitumia kwa mambo mengine, likiwemo la kutumiana pesa. Ilipozinduliwa mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Pengine wakopaji wale, kama wangeulizwa mezani, wangejibu juu ya mikopo tu. Matendo yao yalisema zaidi, na alikuwepo mtu wa kuyatazama.

Kuhusu wale wasiosikika, Matendo ya Mitume sura ya 6 inatupa mfano ambao huwa tunaupita haraka. Kanisa la kwanza lilikuwa na huduma ya chakula ya kila siku. Ilikuwa huduma njema, lakini wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa. Manung'uniko yakazuka. Mitume wangeweza kuwakemea kwa kukosa shukrani, jambo ambalo watoaji hupenda kulifanya. Badala yake waliyachukua manung'uniko kama taarifa ya kweli kwamba huduma ina kasoro, wakaita mkutano, na watu wakachagua wanaume saba. Soma majina ya wale saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao: yote ni ya Kiyunani. Inaelekea kabisa kwamba usimamizi wa meza ulikabidhiwa kwa watu wa upande ule ule uliosahauliwa. Baada ya hapo, Luka anaandika, neno la Mungu lilizidi kuenea. Marekebisho ya mgawo wa chakula na kuenea kwa Injili vimewekwa katika habari moja, naye hakuona haja ya kuvitenganisha.

Basi tujitazame. Si wengi wetu wanaobuni pampu au miguu ya bandia, lakini kila usharika hutengeneza vitu na mipango kwa ajili ya watu. Tunajenga kanisa lenye ngazi tisa mlangoni, halafu tunasema mzee fulani siku hizi amepoa kiroho. Tunachapa kitabu cha ibada kwa herufi ndogo ili kuokoa karatasi, na wanaokitegemea zaidi ni wazee. Tunapeleka matangazo yote kwenye kundi la WhatsApp, na mjane mwenye simu ya tochi anasikia habari ya msiba baada ya mazishi. Tunapanga semina ya akina mama saa ambayo wako sokoni. Tunapeleka nguo kwa watoto yatima bila kujua vipimo vyao, kisha tunapiga picha. Katika yote hayo hakuna mwenye nia mbaya. Yupo tu mtu ambaye hakuulizwa.

Sidhani dawa yake ni kuunda kamati nyingine. Ni kuongeza hatua moja kabla ya kila mradi na moja baada yake. Kabla, watu wawili au watatu wamtembelee atakayehudumiwa, wakae naye vya kutosha, wamuulize na kumtazama anavyoishi, na wamwendee hasa yule ambaye huwa hasimami kikaoni. Baada, warudi kumwona kama kinamfaa, wakiwa tayari kusikia kwamba hakimfai. Ziara hii ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayopima kama tulikuwa tunamtafuta jirani au shukrani zake.

Turudi basi kwenye swali la mwanzo. Mtu aliyetoa kwa moyo mweupe bila kuuliza, amependa? Naona amependa kama mtu aliyeanza safari na kusimama mlangoni pa nyumba aliyoiendea. Moyo mwema ni wa thamani, na Mungu huuona. Lakini amri tuliyopewa ni ya kumpenda jirani, naye jirani ana jina, ana mgongo unaouma, ana saa zake za kuchota maji. Kuwapenda watu wote kwa jumla, bila kumsikiliza hata mmoja, ni kuyapenda mawazo yetu wenyewe juu yao. Bwana wetu alikaa Nazareti miaka mingi akila chakula chetu na kushika zana za fundi kabla hajaanza kuhubiri. Hakutuokoa kutoka mbali. Anayemfuata hana budi kusogea karibu, kuketi, kuuliza, na kunyamaza mpaka ajibiwe.